Mgongo 10%, goti 0%: nikate rufaa au niache yaishe?

#1 MtuWaKilosa
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja.

Niliingia jeshi la Marekani 2009 kwa mpango wa MAVNI, ule wa kuchukua wageni wenye lugha wanazozihitaji, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Wakanichukua kwa ajili ya ulimi, kisha wakanipa lori. Mwaka wa nne nilianguka kutoka juu ya tela tukifunga mzigo usiku, nikatua kwa makalio, goti la kulia likapinda. Nilimeza vidonge, nikarudi kazini kesho yake. Tangu siku hiyo mgongo si wangu.

Nimechelewa sana kudai, najua. Mwaka huu nikajaza dai la malipo ya ulemavu kwa VA, idara ya maveterani ya Marekani, nikaitwa kwenye uchunguzi, na wiki iliyopita barua imefika. Mgongo 10%. Goti 0%. Miguu inayokufa ganzi usiku haikutajwa popote. Jumla yake, kwa viwango vya 2025, ni dola 175 na senti 51 kwa mwezi. Kwa ninavyotembea asubuhi, hata mbwa wa jirani ananihurumia.

Nikate rufaa, nianze dai jipya, au niache yaishe? Na hiyo 0% maana yake nini, wamekubali au wamekataa?

#2 Pilipili_Mbuzi
Navuta kiti, kahawa ipo jikoni. Uzi huu utafika mbali.

#3 Dereva_88
Kata rufaa LEO. Una siku 60 tu, zikipita umeliwa. Na usikubali 10%, hiyo wanawarushia watu wote wasumbufu ili wanyamaze. Mimi na wewe kazi moja, mgongo wa dereva naujua.

#4 Karani_wa_Mafaili
Dereva_88, siku 60 umezitoa wapi? Ni mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyo kwenye barua. Ukirudi ndani ya huo mwaka unalinda tarehe yako ya kuanza kulipwa, yaani ukishinda wanakupa malimbikizo tangu mwanzo. Mwaka ukipita bado unaweza kuleta ushahidi mpya, ila malimbikizo ya nyuma umeyaaga.

Mleta uzi, tangu Februari 2019, sheria mpya ya rufaa ilipoanza, kuna njia tatu. Dai la nyongeza, fomu 0995: una ushahidi mpya unaohusika. Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 0996: huna kipya, unasema aliyeamua amekosea kwa kilekile kilichomo kwenye faili. Na Bodi ya Rufaa kule Washington, fomu 10182, kwa jaji. Bodi inasubirisha sana, usianzie huko bila sababu.

0% maana yake wamekubali kwamba goti liliumia jeshini, ila wanasema halijafikia kiwango cha kulipwa. Usilidharau. Unatibiwa goti hilo, na juu yake unaweza kujenga madai mengine.

Nafanya kazi hii ya kuwasaidia maveterani kwenye shirika lililoidhinishwa, ndiyo maana najua. Siyo mwanasheria.

#5 NesiWaUsiku
Pole kaka. Kabla hatujaenda kwenye fomu: uliinama hadi wapi siku ya uchunguzi?

Nauliza kwa sababu mgongo wa chini wanaupima kwa digrii. Mtu mzima mwenye afya anainama mbele hadi 90. Ukifika zaidi ya 60 lakini usizidi 85 unapata 10%. Zaidi ya 30 hadi 60 ni 20%. Ukikwama 30 au chini ya hapo, 40%. Juu ya hapo ni mpaka mgongo uwe umegandamana kabisa, 50%, na 100% ni uti wote kuanzia shingo. Kwa hiyo 10% yako haikutoka mfukoni mwa mtu, imetoka kwenye digrii ulizoinama.

#6 MtuWaKilosa
Nesi, umenigusa pabaya. Nadhani nilifika 70.

Acha niwasimulie ilivyokuwa. Mpimaji alikuwa wa kampuni ya mkataba, si wa VA wenyewe. Nimeingia, kaniuliza habari ya leo. Nikajibu nzuri, namshukuru Mungu. Kaniambia inama. Mimi nimelelewa na baba aliyetolewa jino bila sindano na akaenda shamba. Nikainama. Maumivu yalianza mapema sana, jasho likanitoka, nikasukuma tu. Kauliza unajisikiaje, nikasema kidogo tu. Sikuona kile kipima pembe chenye mikono miwili, goniometa, akikitoa. Dakika kumi na kitu, nje.

Nilifika garini nikakaa nusu saa kabla ya kuweza kukanyaga breki.

#7 MzeeKobe
Kijana, hapo ndipo ulipojimaliza. Sisi tumefundishwa "hujambo" jibu lake ni "sijambo", hata ukiwa na homa ya kufa. Unamkuta mgonjwa kalazwa, dripu mkononi, "habari za hapa?" "Nzuri tu, ila naumwa." Nzuri inatangulia, ugonjwa unafuata. Mmarekani anaandika ile ya kwanza anafunga kitabu.

Jeshi lilikuajiri kwa Kiswahili, na Kiswahili hichohicho kimekugharimu kwenye kitanda cha daktari. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwa nini 10%.

#8 Buda_Nyali
Mzee Kobe kwa heshima zote, hiyo ya salamu ni tamu kusikia lakini sidhani. Mimi niko San Diego, nilikuwa Navy. Shida ya watu wetu ni makaratasi. Ukiwa kambini huendi foleni ya wagonjwa asubuhi kwa sababu sajini atakuita mvivu, na wewe mgeni unatafuta uraia hutaki jina baya. Unameza ibuprofen miaka sita. Halafu unatoka, unadai, wanafungua faili: hakuna kitu. Wazungu niliokuwa nao walienda kliniki hata kwa malengelenge ya kiatu, na leo wako 70% na 80%.

Kwa hivyo si ulimi, ni faili tupu.

#9 Karani_wa_Mafaili
Buda, faili tupu lingemnyima kuunganishwa na utumishi, yaani kukubaliwa kwamba aliumia jeshini. Yeye ameunganishwa, mgongo na goti vyote viwili. Ugomvi wake ni wa kiwango, na kiwango kinatokana na hali ya sasa. Kwa watu wengine uko sahihi kabisa, kwake sivyo.

#10 Buda_Nyali
Sawa karani, hiyo nimekubali nusu. Lakini mimi nilinyimwa goti kabisa kwa sababu ya faili, so bado nina uchungu.

#11 MkeWaSajini
Jamani naomba niseme la nyumba yangu. Mume wangu ni wa Pemba, alitumikia miaka ishirini. Kila siku analalamika "kiuno". Kiuno, kiuno, kiuno. Alipokwenda kupimwa akatafsiri neno kwa neno, mpimaji akaelewa nyonga, akapima nyonga! Nyonga ziko salama, wakaandika hakuna tatizo. Kumbe yeye kiuno chake ni mgongo wa chini, pale unapofungia kanga.

Ilituchukua dai la nyongeza na barua yangu mimi. Niliandika ninayoyaona: kwamba namvisha soksi, kwamba mara mbili tatu kwa mwezi anashindwa kutoka kitandani, kwamba aliacha kusujudu chini, sasa anaswali kwenye kiti. Hiyo ya kiti ilitajwa kwenye uamuzi wao. Kutoka patupu hadi 40%.

#12 Pilipili_Mbuzi
Shemeji, na wewe kwa kumvisha soksi hupewi hata asilimia mbili?

#13 MkeWaSajini
Mimi nalipwa akhera.

#14 Muswahili_wa_Uvira
Jambo bandugu. Mie niko Iowa, nilikuwa jeshi miaka ine tu. Bile mama anasema ni kweli kabisa. Mie nilisema "mguu" inaniuma. Kwetu mguu ni kuanzia hapa kwa paja mpaka kwa kidole. Mukalimani wa simu akasema ni unyayo. Bakapima unyayo, bakaandika unyayo bapa 0%. Na mie ni kifundo kilivunjika kwa kuruka parashuti!

Nilirudi na kalamu, nikachora alama kwa ngozi yangu fasi inaniuma. Safari ile hakuna mukalimani alikosea.

#15 NesiWaUsiku
Kaka wa Uvira umenichekesha peke yangu wodini saa tisa usiku. Lakini hiyo ya kalamu ni akili kubwa. Kwenye goti, kifundo, nyonga na mgongo kila kiungo kina namba yake kwenye kitabu chao, ukipimwa kisicho chako umepotea.

MtuWaKilosa, turudi kwenye miguu yako. Ganzi inaanzia wapi? Inashuka nyuma ya paja hadi kwenye vidole? Mguu mmoja au yote?

#16 MtuWaKilosa
Inashuka kutoka kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, hadi kidole gumba. Kama umeme. Mguu wa kushoto ni ganzi tu, inakuja inaondoka. Picha ya MRI ya mwaka jana ilisema diski mbili za chini za mgongo zimetoka.

#17 NesiWaUsiku
Basi hiyo ni neva ya siyatiki, mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na hapo ndipo pesa yako ilipolala. Kanuni yao ya mgongo inasema wazi kabisa kwamba matatizo ya neva yanayotokana na mgongo yapimwe peke yake, kila mguu na asilimia yake. Hafifu 10%, wastani 20%, zaidi ya wastani 40%, kali na misuli imesinyaa 60%, mguu uliopooza kabisa 80%. Hata kibofu au haja kubwa vikivurugika navyo vinapimwa kivyake, na wanaume wengi wanaona haya kusema.

Kama MRI ilikuwa kwenye faili na mpimaji hakugusa neva, hilo ni kosa. Kama haikuwemo, ni ushahidi mpya. Ipi kati ya hizo?

#18 Dereva_88
Kwa hiyo mahesabu: mgongo akipanda 20, mguu wa kulia 20, wa kushoto 10, jumla 50%. Si nilisema asikubali 10.

#19 Karani_wa_Mafaili
Dereva, jibu umepata kwa bahati, njia umekosea. Hawajumlishi hivyo. Wanakuhesabu kama mtu mzima wa 100%, kila ulemavu unakula kwenye kilichobaki. Ukiwa na 40 na 20 hupati 60, unapata 52, inashushwa hadi 50.

Kwa mfano wako: 20, 20 na 10 kwa hesabu ya kawaida ni 42, inashuka hadi 40%. Lakini kwa kuwa ni miguu yote miwili kuna nyongeza ya pande mbili. Unaunganisha miguu kwanza: 20 na 10 ni 28. Unaongeza sehemu ya kumi ya hiyo, 2.8, inakuwa 31. Ukiunganisha na 20 ya mgongo unapata 45, na 45 inapandishwa hadi 50%. Kwa viwango vya 2025, asiye na mwenza wala mtoto, 40% ilikuwa dola 774 na senti 16, 50% ilikuwa 1,102 na senti 4. Nyongeza ambayo wengi hawaijui imeleta dola zaidi ya 320 kwa mwezi. Kagueni barua zenu, wakati mwingine karani kama mimi anaisahau.

#20 Pilipili_Mbuzi
Yaani 20 jumlisha 20 jumlisha 10 ni 42 halafu ni 45 halafu ni 50. Mwalimu wangu wa hesabu Korogwe angewachapa wote.

#21 Sajini_Mstaafu
Wakati mnacheka, kuna jambo hamjamwambia kijana. Kuna dari kwa kila mguu. Asilimia za mguu mmoja zikiungana hazizidi ambazo angepewa kama mguu ungekatwa sehemu hiyo. Chini ya goti ni 40%. Kwa hiyo wale wanaorundika kifundo, unyayo na kidole kwenye mguu mmoja wakidhani watafika 80 wanagonga dari.

Na kwa ambaye mgongo na miguu vimemtoa kazini kabisa, kuna kulipwa kama 100% bila kufika 100. Unahitaji ulemavu mmoja wa 60, au jumla ya 70 na mmojawapo uwe 40, na miguu miwili wanaihesabu kama ulemavu mmoja kwa ajili ya hiyo hesabu. Fomu 8940. Mimi niko huko tangu kiwanda kiliponiachisha.

#22 MtuWaKilosa
Asanteni sana wakuu. Mimi bado nafanya kazi, ghala, natembea na mkanda wa mgongo. Hiyo ya Sajini naiweka akiba, Mungu aepushie.

Sasa Nesi aliuliza niliinama hadi wapi. Mimi maumivu yalianza kama kwenye 40, nikasukuma hadi 70. Je, si wangehesabu 40? Maana 40 ingekuwa 20%.

#23 Dereva_88
Ndiyo! Wanatakiwa kuhesabu pale maumivu yanapoanza. Hiyo ni sheria, nimeisoma.

#24 Karani_wa_Mafaili
Sivyo, na hapa watu wengi wanaumia. Mahakama ya maveterani ilisema 2011, kesi ya Mitchell, kwamba maumivu peke yake hayahesabiki kama kikomo. Mpaka yapunguze kazi ya kiungo: nguvu, kasi, uvumilivu, uratibu. Kwa hiyo 70 yako ya kujikaza inabaki 70, isipokuwa ioneshwe kwamba baada ya 40 mgongo haufanyi kazi yake.

Lakini una mlango mwingine. Kesi ya Sharp ya 2017. Mpimaji hawezi kusema tu "siwezi kukisia siku mbaya zinakuwaje kwa sababu leo si siku mbaya". Anatakiwa akuulize zinakuja mara ngapi, zinakaa muda gani, unashindwa nini, kisha akisie kwa digrii. Alikuuliza?

#25 MtuWaKilosa
Sikumbuki. Naombaje ripoti yake?

#26 Karani_wa_Mafaili
Fomu 20-10206, ya kuomba kumbukumbu zako mwenyewe. Au mwakilishi wako aitoe kwenye mfumo, ni dakika tano. Usikate rufaa yoyote kabla hujaisoma. Unapigana na karatasi usiyoijua.

#27 Buda_Nyali
Na asitafute wale jamaa wa matangazo ya Facebook "tutakupandisha mpaka 100". Binamu yangu alipigiwa simu kila siku na kampuni moja, akasaini mkataba wa kuwalipa nyongeza ya miezi mitano. Walichomfanyia ni kujaza fomu ambayo hata mimi ningejaza nikipika chapati. Walipopata chao hawakushika simu tena.

#28 Karani_wa_Mafaili
Msaada wa mashirika kama DAV, American Legion na VFW ni bure, dai la kwanza hadi rufaa. Wakili aliyeidhinishwa na VA haruhusiwi kukutoza kwa dai la kwanza, anaanza baada ya uamuzi, na kawaida ni 20% ya malimbikizo. Ambaye hajaidhinishwa kabisa hana ruhusa ya kukuandalia dai, achilia mbali kukutoza. Mwulize mtu namba yake ya idhini. Akianza hotuba, kata simu.

#29 Mama_Kahawa
Mimi napita tu lakini nina wasiwasi. Usiamshe aliyelala. Kaka yangu aliomba kuongezewa goti, wakampima upya, wakapendekeza kumpunguza mgongo. Mwenzenu ana 10, aishike hiyohiyo.

#30 Sajini_Mstaafu
Mama Kahawa hofu yako ina msingi, lakini kuna ngazi. Wakitaka kupunguza malipo wanakutumia pendekezo kwanza, una siku 60 za kuleta ushahidi na siku 30 za kuomba kusikilizwa. Kiwango kikikaa miaka mitano wanatakiwa waoneshe umepona kweli na utaendelea hivyo, siyo uchunguzi wa siku moja. Kikikaa ishirini hakishuki tena isipokuwa ulidanganya. Kijana wa 10% ana nini cha kupoteza? Mwenye 90% ndiye atembee kwa vidole.

#31 Mama_Kahawa
Dola 175 ni ada ya watoto wawili kwetu, sajini. Usiseme nini cha kupoteza.

#32 MzeeKobe
Mama amesema kweli. Na mnipe nafasi kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alipelekwa Burma, bonde la Kabaw, 1944. Alirudi anachechemea, na koti. Hakuna aliyempima digrii. Alipoulizwa na watoto alisema mguu umechoka na vita, basi. Alikufa akichechemea, koti tukalitandika mlangoni. Nikiwasoma mnabishana 42 au 45 najiuliza babu angepewa ngapi.

#33 Pilipili_Mbuzi
Babu wa KAR angeinama 90 na kusema sijambo afande.

#34 Muswahili_wa_Uvira
Papa Kobe, hata kwetu bazee ba Force Publique, jeshi ya Babelgiji kwa Congo, ni vilevile. Koti hata bengine habakupata.

#35 Msimamizi
Mambo ya KAR yafunguliwe uzi wake, ni mada nzuri. Hapa turudi kwenye mgongo.

#36 MtuWaKilosa
Mrejesho. Nimepata ripoti, kurasa kumi na mbili. Nakaa kama nimemwagiwa maji.

Kuhusu mgongo ameandika kwamba mhusika "anakanusha" kuwa na siku mbaya. Sikukanusha, sikuulizwa, au nimeulizwa kwa maneno sikuyaelewa. Neva: kisanduku cha "hakuna". MRI haijatajwa, na sasa nakumbuka iko hospitali ya kazini, sikuipeleka. Na kuhusu goti, ameandika mwenyewe kwamba kuna maumivu likikunjwa na likibebeshwa uzito. Halafu wakanipa 0%.

#37 NesiWaUsiku
Mkuu, hiyo ya goti isome tena. Maumivu yameandikwa na 0% imetolewa?

#38 Karani_wa_Mafaili
Hilo ndilo kosa lao. Kanuni ya 4.59 inasema kiungo chenye maumivu kikisogezwa kipewe angalau kiwango cha chini kabisa kinacholipwa. Kwa goti ni 10%. Hakuna ushahidi mpya unaohitajika, umo kwenye karatasi yao wenyewe. Peleka goti peke yake kwenye mapitio ya ngazi ya juu, fomu 0996. Omba na ile simu ya mazungumzo na mpitiaji, umwoneshe ukurasa. Usijaribu kumpa jipya kwenye simu, hapokei. Wenyewe wanalenga wastani wa siku 125.

Mgongo na miguu, dai la nyongeza: MRI, maelezo yako, maelezo ya anayeishi na wewe kwenye fomu 21-10210. Inaruhusiwa kugawa barua moja njia mbili, mradi jambo moja lisiwe kwenye njia mbili kwa wakati mmoja.

#39 Dereva_88
Mimi ningepeleka vyote kwa jaji. Hawa wa ofisini wanalindana.

#40 Sajini_Mstaafu
Na mimi ningepeleka vyote dai la nyongeza. Mapitio yakiona kosa la uchunguzi wanakurudisha kupimwa upya hata hivyo, kwa nini uzunguke? Karani ananijua, tumebishana hili miaka.

#41 Karani_wa_Mafaili
Na tutabishana tena. Goti halihitaji kupimwa upya, Sajini, linahitaji mtu wa kusoma sentensi moja.

#42 MzeeKobe
Mnaona lakini? "Anakanusha." Sijambo ya kijana imeandikwa kidaktari. Nilisema.

#43 Buda_Nyali
Mzee, amesema huenda hakuulizwa kabisa. Hiyo ni dakika kumi za mpimaji mwenye haraka, si Kiswahili. Na MRI kuachwa kazini ni makaratasi. Nilisema.

#44 Pilipili_Mbuzi
Wote mlisema. Mwenye mgongo ndiye hakusema.

#45 MtuWaKilosa
Hahaa, Pilipili nitakutafuta. Goti nimeshalituma jana kama karani alivyosema. Sasa naandika maelezo ya mgongo na nimekwama kwenye neno. Siku mbaya zikija, maumivu si ya kuchoma wala kuvuta. Yanakeketa. Kwa Kiingereza naandikaje? Mke wangu ni wa Kentucky, nimemwigizia jikoni ameshindwa.

#46 MkeWaSajini
Usitumie hilo neno mbele ya mkalimani yeyote, siku hizi wote wanafikiria jambo jingine kabisa. Sema kama kisu butu kinachokereza mfupa.

#47 Muswahili_wa_Uvira
Kwetu tungesema ni kama panya anatafuna gunia ndani ya usiku, bila kulala.

#48 NesiWaUsiku
Andikeni vyote, kisu na panya, halafu ongeza: mara ngapi kwa mwezi, inakaa siku ngapi, na siku hiyo unaweza kuinama hadi wapi. Hadi magotini? Hadi katikati ya paja? Mtu hakumbuki digrii lakini anajua mkono wake umeishia wapi.

#49 MtuWaKilosa
Katikati ya paja, Nesi. Siku nyingine hata hapo sifiki, mtoto ndiye ananiokotea viatu.

#50 Karani_wa_Mafaili
Basi anza na viatu.